Dereva wa Zenaida

Kwa miaka thelathini Anselmo Quiala aliwabadilishia watu wa mji wa Camagüey injini za magari yao, na la kwake hakuligusa. Mtu akimletea Chevrolet ya enzi za babu yake, imekata pumzi, Anselmo aliing'oa injini ya petroli, akaweka ya dizeli iliyotolewa kwenye gari dogo la mizigo la Kikorea, akafupisha propela shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma na kuchomelea vishikio vipya kwenye chesisi. Baada ya wiki tatu gari lilirudi barabarani kubeba abiria. Lakini Pontiac yake ya mwaka hamsini na nne ilibaki na injini yake ya kiwandani, silinda sita, inayobugia petroli bila haya.

Radamés, jirani yake mchonga vyuma, hakuchoka kumtania.

"Hilo gari unaliendesha au unalifuga?"

"Zenaida analipenda lilivyo," Anselmo alimjibu.

Ni kweli. Zenaida, mkewe tangu mwaka sabini na moja, aliijua injini ile kama mtu anavyojua kikohozi cha mwenzake. Jioni Anselmo akikata kona ya duka la mikate, yeye jikoni alikwisha kuusikia ule mlio mzito wa taratibu, akabandika kahawa. Mume akivuka kizingiti, kikombe kilikuwa mezani.

Figo za Zenaida zilipoharibika, ikabidi apelekwe hospitali ya mkoa mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Wakati huo alikuwa pia ameanza kusahau. Aliweza kusahau kwamba amekula, au binti yao Maricel anafundisha shule mji gani. Mumewe hakumsahau. Alisikia gari, akasema, "Huyo Anselmo," na uso ukachangamka.

Kisha petroli ikaadimika. Watu walilala kwenye foleni siku mbili, siku tatu, na wakati mwingine pampu zilikauka kabla hawajafika. Dizeli ilipatikana, kwa kuwa madereva wa malori hawakukosa cha kumpunguzia mtu. Jumanne moja Anselmo alikosa hata lita ya kumfikisha mkewe hospitalini. Alhamisi yake miguu ya Zenaida ilikuwa imevimba kama mito, na daktari, dada mmoja mpole, akamwambia, "Mzee, akikosa tena mara mbili, mimi sitakuwa na la kufanya."

Anselmo alirudi nyumbani akafungua boneti.

Mkulima mmoja wa Vertientes alikuwa na injini ya dizeli ya gari lililopinduka, akakubali kubadilishana, kwani alitaka ile ya zamani imvutie maji shambani. Radamés alichonga bamba la kuunganisha injini na giaboksi, na safari hii hakutania. Walifanya kazi siku nne, Zenaida akipelekwa hospitali kwa gari la jirani. Siku ya tano Pontiac iliwaka mara moja tu, ikanguruma kwa kelele kavu za haraka haraka. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

Aliliingiza gari uani. Zenaida alikuwa dirishani. Anselmo akashuka, akapanda ngazi, na mezani hakukuwa na kikombe.

"Unamtafuta nani, mzee?" Zenaida aliuliza kwa adabu.

"Ni mimi, Zena."

"Mume wangu hajarudi. Ukitaka kumsubiri, kaa hapo."

Alikaa. Alidhani ni uchovu, kesho ungeisha. Kesho yake alimwambia tena, na kesho kutwa. Alimwonyesha picha ya arusi. Zenaida aliitazama, akamtazama yeye, akacheka kidogo. "Huyu kijana, mzee. Wewe una umri wa baba yake." Anselmo alipong'ang'ania, Zenaida alianza kulia kwa woga, akaita watu. Tangu hapo Anselmo hakujaribu tena. Alisema yeye ni dereva, ametumwa na Bwana Quiala kumpeleka bibie hospitali.

Daktari alimweleza kwamba maradhi hayo yangefika huko tu, injini haina kosa. Anselmo aliitikia kwa kichwa. Jumapili iliyofuata alikwenda Vertientes kuidai injini yake, tayari kuirudisha hata kama ingembidi aisukume Pontiac kwa mikono. Mkulima alimpeleka kando ya mfereji. Injini ilikuwa imeendeshwa bila oili hadi pistoni zikagandamana, na bloku ilikuwa na ufa unaopitisha kidole.

"Nisamehe, mkubwa. Sikujua kama utaitaka," mkulima alisema.

"Hata mimi sikujua," Anselmo akajibu.

Basi akaendelea kuwa dereva. Zenaida alimzoea. Alikaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, na njiani alimsimulia mambo ya mumewe, kwamba anakoroma na hajui kucheza muziki ila hakubali. Anselmo alisikiliza, macho barabarani. Mara nyingine alisahau, akabisha: "Kucheza si anajua kidogo?"

"Wewe humjui," Zenaida alisema.

Asubuhi moja ya Machi, walipokuwa wakisubiri treni ipite, alisema, "Mzee, wewe mtu wa siri?"

"Ndiyo, bibie."

"Ule mwaka wa themanini, watu walipoondoka kwa boti, kaka yangu Fermín alikuja kutoka Miami kunichukua. Akanitumia ujumbe nifike bandarini. Nilifunga sanduku. Nikamvalisha mtoto viatu. Nilikuwa nimechoka na maisha, mzee, na mume wangu pia. Nimeshika kitasa cha mlango, nikasikia gari kwenye kona."

Treni ilikwisha kupita. Nyuma yao watu walipiga honi.

"Ikawaje?" Anselmo aliuliza.

"Nikarudi kubandika kahawa. Ungefanya nini?" Kisha akasema, "Usimwambie. Ataumia."

"Sitamwambia," alisema, na ilimchukua muda kuipata gia.

Zenaida alifariki mwezi Juni, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa dereva. Saa za mwisho aliuliza mara mbili kama mumewe amefika, na mara zote mbili Anselmo alimwambia yuko njiani. Hakujua jibu jingine la kumpa.

Siku ya tatu baada ya mazishi, akiwa amekaa na Maricel wakikunja nguo za marehemu, alishindwa kuibeba siri ile peke yake. Alimsimulia binti yake yote: sanduku, viatu, kitasa.

Maricel aliliweka gauni la mama yake mapajani.

"Baba, nilikuwa na miaka mitano. Sikumbuki sanduku lolote."

"Alinieleza vizuri kabisa."

"Alinieleza vizuri kabisa vilevile kwamba bibi yuko hai. Mama alikuwa anachanganya mambo."

"Mjomba wako Fermín angejua."

"Mjomba amekufa miaka tisa, baba. Unasahau?"

Anselmo aliinamisha kichwa. Kweli alikuwa amesahau. Alichukua gauni lile kutoka kwa binti yake, akalikunja vibaya, akalifungua, akalikunja tena.

"Labda alichanganya," alisema.

Uani kulikuwa na Dodge ya mtu iliyokuwa ikisubiri klachi tangu mwezi uliopita. Alitoka, akavaa ovaroli, akalala chini yake, na Maricel, aliyesimama mlangoni, alingoja muda mrefu sana kabla ya kusikia spana ikigonga chuma.