Injini ya Mashua Iliyosaga Unga Kitengela

Enzi zetu pale Kitengela, kabla hapajajaa magorofa ya kupangisha, ukienda kusagiwa mahindi kwa Baba ulibeba na mtungi wa maji. Usipobeba maji, ulirudi na mahindi yako nyumbani. Hakuna aliyelalamika. Siku hizi mwambie kijana abebe kitu kizito kuliko simu, atakuangalia kama umemtukania mama yake.

Sababu ya maji ilikuwa injini. Baba alikuwa fundi, alihama kutoka Machakos na sanduku la spana na kiburi chake. Wenye vinu wengine walikuwa na injini za kawaida. Yeye alinunua kwa wauza vyuma vikuukuu injini ya dizeli iliyong'olewa kwenye mashua ya matanga, mashua ya mbao ya zamani ya Mombasa, ikaletwa huku bara kwa lori. Aliipenda kwa sababu ilikuwa nzito, na Baba aliamini vitu vizito. Lakini injini ya mashua inavuta maji ya bahari upande mmoja ili ipoe, inayatema upande wa pili. Sasa Kitengela bahari iko wapi? Bahari yetu ilikuwa pipa, na sisi watoto ndio tulikuwa mvua.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka ule mlio. Tuku, tuku, tuku, polepole, hadi vikombe vinacheza kabatini. Unga ulitoka na joto, tukauramba kiganjani mpaka kope zikawa nyeupe. Maji yaliyotemwa yalikuwa moto, nayo ndiyo tuliyaoga jioni baada ya kucheza mpira wa kati na bano za gololi kwenye vumbi. Shuleni tulinuka dizeli kidogo. Hatukufa. Hawa wa leo wakikosa maji ya bomba asubuhi moja, wanaitangazia dunia nzima.

Kisha ukaja ukame. Maji yakawa ya mbali na machafu, na injini ikaanza kuchoka, inapata joto, inakohoa. Jirani yetu Mzee Lekishon, Mmaasai mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alikuja akachuchumaa, akaweka sikio karibu na chuma kama anasikiliza tumbo la ndama.

"Hii kitu ililelewa wapi?" akauliza.

"Baharini," Baba akasema.

"Na bahari iko na chumvi?"

"Iko."

"Sasa wewe unainyima chumvi, halafu unashangaa imekonda."

Mfugaji yeyote wa Kajiado anajua ng'ombe akidhoofika anapewa chumvi ya magadi alambe. Baba akaona hiyo ni akili. Mama hakuona.

"Baba Mutua, hicho ni chuma. Si ng'ombe."

"Wewe umewahi kuona bahari?"

"Wewe je?"

Hakuna aliyewahi. Magadi yakamwagwa kwenye pipa, mfuko mzima. Siku chache za kwanza injini ilinguruma vizuri, na Lekishon akawa anatembea kama daktari wa mifugo wa serikali. Halafu siku moja, akina mama wamepanga foleni na mahindi ya njano ya msaada, ikatoa mvuke, ikalia kama mbuzi anayechinjwa, ikasimama. Njia za maji ndani zilikuwa zimezibwa na ukoko mweupe. Pistoni ikashikana na silinda. Foleni ikahamia kwa kinu kingine, na nyumbani kwetu tukaanza kula mahindi ya kuchemsha, asubuhi na jioni. Baba akaanza kutaja Machakos, tena kwa sauti ya chini. Mtu akitaja kwao kwa sauti ya chini, ameshashindwa.

Ndipo akaja mtu tuliyemwita Kapteni, mtu wa pwani aliyeoa Ngong. Gari lake lilibeba injini mpya ya kinu, isiyotaka maji. Alisema mashua ile ni yake. Injini iliuzwa na ndugu zake yeye akiwa mgonjwa. Mbao ameshatengeneza, matanga ameshonesha, bado moyo. Alipatia wapi habari zetu? Sokoni Ngong, watu wanacheka kwamba Kitengela kuna kinu kinakunywa maji kama ng'ombe.

"Nikajua ndiyo hiyo," akasema. Akapitisha kidole kwenye ule ukoko, akaonja. "Nani katia chumvi?"

Lekishon akaanza kuangalia milima.

"Ilikuwa ya bahari," Baba akasema.

"Mzee wangu, hata huko baharini hatuitii. Tunahangaika kuitoa." Kisha akasema neno lake. Jumamosi atarudi. Akiikuta inalia, anatuachia ile mpya na kuchukua yake. Akiikuta imekufa, kila mtu abaki na chake. Mashua haiendi na maiti.

Wiki hiyo hakuna aliyeenda shule kwetu, na mimi sijaona hasara yake mpaka leo. Baba alimwaga mafuta ya taa kwenye silinda, akaacha yapenye, kisha akagonga pistoni kwa gogo la mbao, pole pole, hadi ikasogea. Sisi tulikwangua njia za maji kwa spoku za baiskeli. Ukoko uliobaki Mama aliuweza. Alichemsha ukwaju wa kwao, ule anaong'arishia sufuria, akaumimina ndani ukalala mpaka asubuhi. Ulipomwagwa ulitoka kama uji wa kutu. Vavu, vile vizibo vya silinda, tulizisaga kwa mkono, tukizungusha kijiti katikati ya viganja, na Lekishon ndiye aliyetufundisha, maana ndivyo wazee wake walivyopekecha moto. Viganja vikatoka malengelenge. Hakuna aliyetupiga picha.

Jumamosi Kapteni akafika. Baba akashika hendeli, akazungusha, kimya. Akazungusha tena, hendeli ikamrudi, ikampiga mkono. Kapteni akatazama gari lake. Mama akamsukuma Baba kando kidogo, wakashika hendeli pamoja.

"Ngojeni," Lekishon akasema. Pipa lilikuwa na matope tu; akaja na punda wake, mitungi imejaa. Maji safi, maangavu. Sote tulijua ni ya nini. Yalikuwa ya ndama wake, aliyoyaficha kwa ajili ya ukame uliobaki. Akayamimina kwenye pipa bila kuomba msamaha na bila kuangalia mtu.

Wakazungusha. Tuku. Kimya. Tuku, tuku. Ikashika. Ikatema maji ya kahawia yenye harufu ya ukwaju, kisha meupe. Kapteni akavua kofia.

"Sidai," Lekishon akasema. Kwa Kimaasai, nzuri. Akaenda kukinga yale maji ya moto yapoe, awarudishie ndama.

Injini ikarudi baharini. Ile mpya ilisaga, tukala, na mimi hapa nina vinu vyangu, Kitengela na Kajiado mjini, nilivyovipata kwa mikono. Lakini injini mpya haikunywa maji, kwa hiyo watu waliacha kuja na mitungi, na Lekishon hakuwa na sababu ya kuchuchumaa pale. Vinu vya leo ni vya stima. Ikipotea, vijana wangu wanakaa kwenye magunia wanatazama simu. Ukiwauliza mnafanya nini, "Tunangoja irudi, mzee."

Ile sakafu ya saruji injini ilipokaa bado ipo, chini ya bati, nyuma ya nyumba za wapangaji. Juzi mpangaji mmoja alikuja kunilalamikia. Mbuzi wa watu, anasema, wanaingia kila siku kulamba simenti, na yeye ametafuta kwenye simu hajaona ugonjwa wa namna hiyo. Nikamwambia awaache walambe. Nilipofika kuwaona mwenyewe, niliinama nikapitisha kidole, nikaonja. Chumvi bado ipo.