Kisanduku cha Wageni cha Mzee Bartolomayo

Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Kwa hiyo Mzee Bartolomayo aliponipigia simu Jumanne moja ya mwezi wa saba akasema, "Edina mwanangu, naomba uje uifunge ile blogu," nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata. Ningeendelea pale ningemjibu vibaya. Nilimaliza kazi ya mteja iliyokuwa mbele yangu, nikanywa maji, ndipo nikampigia kwa adabu.

"Shikamoo baba. Umesema niifunge?"

"Marahaba. Ifunge. Nimeandika miaka minne, hakuna hata mtu mmoja aliyeniitikia. Naongea na ukuta."

"Watu wanasoma, baba."

"Wanaosoma wangesema."

Nikamwambia nitakwenda Jumamosi. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, naifanyia hapa Dodoma mjini: shule, vikundi vya wakulima wa zabibu, nyumba za kulala wageni, wote nawahudumia. Blogu ya Mzee Bartolomayo ndiyo pekee niliyoitengeneza kwa mapenzi, bila mtu kuniagiza. Kuambiwa niiue kwa mkono wangu kuliniuma.

Mzee Bartolomayo Chilongani si baba yangu wa kunizaa. Nyumba yetu ya Mpwapwa ilipakana na yake, na baba yangu alipofariki nikiwa kidato cha pili, yeye ndiye aliyenipeleka bwenini na pikipiki ya kazi, nimepakata sanduku langu na godoro limefungwa nyuma. Alikuwa afisa mifugo msaidizi kwa miaka thelathini na minne. Hakupata kuwa mkuu wa chochote. Alichanja ng'ombe, alihasi madume, aliingiza mkono mpaka begani kumzalisha ng'ombe wa mtu asubuhi ya Pasaka, kisha akaja kanisani amechelewa na ananuka. Watu walimwita bwana mifugo na mpaka leo wanamwita hivyo.

Kuna jambo moja alilojisifia, ingawa si mtu wa kujisifu. Katika ofisi yao palikuwa na kitabu cha wageni, na kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya kufungua dirisha, alikifungua aone jana nani alikuja akaondoka bila kuhudumiwa. Huyo ndiye aliyeanza naye. "Sijawahi kumwacha mfugaji amesimama mlangoni," ndivyo alivyokuwa akisema, na mimi nilishalisikia neno hilo mpaka nikawa namwigiza.

Alipostaafu simu hazikukoma. Mtu huyu anauliza kuku wanakufaje, yule anauliza kupe wanaondokaje, naye anarudia maneno yaleyale toka asubuhi. Nikamwambia, baba, andika mara moja wasome wote. Nikamtengenezea blogu, tukaiita Zizini kwa Bartolomayo. Anaandika kwa vidole viwili, na kila makala inaanza na salamu ya kwao, mbukwenyi, kama vile kuna watu wamekaa mbele yake. Moja naipenda mno. Anaeleza jinsi ya kusikiliza kikohozi cha mbuzi alfajiri, kabla zizi halijafunguliwa, wakati vumbi bado limelala. Ukiisoma unasikia mpaka pumzi za wale mbuzi.

Jumamosi nikapanda basi la asubuhi, na kutoka stendi nikachukua bodaboda. Mkewe, Mama Evelina, alinipokea mkoba getini, akaninong'oneza, "Usimbishie sana. Amevunjika moyo huyo." Tukala kwanza, ugali wa uwele na mlenda, hakuna aliyegusia blogu. Nilipomaliza kunawa mzee akaileta kompyuta, ameishika kwa mikono miwili, akaiweka mezani mbele yangu.

"Haya. Funga."

"Kwanza nionyeshe wewe unavyoingia."

Akaingia. Dashibodi, ule ukurasa wa ndani wa mwenye blogu, ikafunguka, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne nikaiona kwa macho yake. Jamani, ilikuwa kama chumba cha mtu asiyetupa kitu. Kisanduku kimoja kina habari za waliotengeneza mtambo wa blogu. Kingine kinatangaza mkutano wa mafundi wa tovuti katika mji ambao sisi hatutakwenda. Hapa plagini tatu, viprogramu vya nyongeza, zinalia zisasishwe, pale grafu ambayo hata mimi siitazami. Nusu Kiingereza, nusu Kiswahili, maana waliokuwa wakitafsiri walichoka njiani. Na pembeni chini kabisa, kwa herufi ndogo na namba nyekundu: Vinasubiri idhini, 212.

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Baba, hii namba umewahi kuiona?"

"Naiona kila siku. Inapanda."

"Hujawahi kuifungua?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Niifungue vipi? Imeandikwa inasubiri idhini."

"Idhini ya nani?"

"Ya wakubwa. Wenye mtambo. Wakishaidhinisha si vitaletwa kwangu?"

Nilidhani ananitania. Halafu nikaangalia uso wake, nikaona hana utani hata chembe. "Edina," akasema taratibu, kama ananifundisha kazi, "mimi nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na minne. Nilikuwa napendekeza. Naandika dokezo, naweka saini, jalada linapanda juu. Kuidhinisha si ngazi yangu. Na jalada ambalo halijatoka kwa mkubwa hulifungui, hata likiwa mezani kwako mwaka mzima."

Hasira zilinipanda, kisha zikanigeukia mwenyewe. Maana ile kufuli niliiweka mimi. Siku ya kwanza kabisa, ili watu wa matangazo ya ovyo wasijaze blogu, niliamuru maoni yote ya wasomaji yasubiri mwenye blogu ayakubali. Nikaenda zangu. Sikumwambia, kwa sababu kwangu lilikuwa jambo la wazi mno, nani atashindwa kubonyeza kitufe? Na taarifa za barua pepe nilizielekeza kwenye anwani niliyomfungulia mimi, ambayo hakuwahi kuigusa.

Nikabonyeza ile namba.

Karibu nusu yalikuwa takataka kweli, nikayafuta. Yaliyobaki yalikuwa watu. Obedi wa kijiji cha Zuzu anauliza kama chanjo ya kuku inaharibika ikipigwa na jua njiani. Mwanafunzi anaomba aruhusiwe kunakili makala ya kikohozi. Mwingine anamwita "mwalimu wangu usiyenijua". Mzee alikuwa amesogeza kiti, anasoma juu ya bega langu, midomo inacheza.

Halafu tukamfikia mama mmoja, jina lake Mwanasha, wa Chemba. Alikuwa ameandika mara tatu, miaka mitatu iliyopita.

Mara ya kwanza: "Bwana mifugo shikamoo. Mbuzi wangu wanakohoa, wawili wamelala hawanyanyuki. Nifanye nini? Namba yangu hii hapa."

Baada ya siku nne: "Bwana mifugo, wamekufa watano. Bado nasubiri."

Baada ya wiki mbili: "Haya, asante."

Mzee Bartolomayo alivua miwani. Akaondoka mezani, akaenda kusimama kwenye zizi lake, ametupa mgongo. Mama Evelina akanitazama, mimi nikatazama meza. Nilitamani kulia na sikulia, nikamfuata.

"Kosa ni langu, baba. Mimi ndiye niliyeweka ile kufuli, na sikukwambia."

"Hata ungeniambia, nisingebonyeza," akasema. "Najijua."

Na kweli. Tuliporudi nikamgeuzia kompyuta, nikamwonyesha neno Idhinisha chini ya maoni ya Obedi. Kidole chake kilifika, kikaelea pale juu, kikarudi. "Bonyeza wewe. Andika kwamba Bartolomayo amependekeza." Nikacheka. Nilipoona hacheki nikanyamaza. Mtu aliyeingiza mkono kwenye ng'ombe anayerusha mateke alikuwa anaogopa kitufe, na hofu yenyewe ilikuwa ya heshima. Miaka yote hiyo alifundishwa mipaka ya kalamu yake, na kustaafu hakukumwondolea.

Basi nikakunja mikono ya blauzi nikafanya kazi ninayoijua. Ipo plagini ambayo shughuli yake ni hiyo tu, kuipanga dashibodi upya: unaondoa visanduku usivyovitaka na kuunda vyako. Nikaiweka. Nikaanza kufagia, naye kila ninapogusa kitu anauliza, "Hiki cha nani?" Habari za mtambo, nje. Mkutano wa mafundi, nje. Grafu, nje. Plagini zinazolia nikazihamishia upande wangu, nizishughulikie mwenyewe kutoka Dodoma. Mwishowe ukurasa ukabaki mweupe. Akasema kwa sauti ndogo, "Sasa naona."

Hapo katikati nikaunda kisanduku kimoja kipana, herufi kubwa, nikakiita Wageni. Kila mstari una jina la mtu, anakotoka, na alichosema. Na kitufe chake nikakibadilisha maneno. Nikafuta Idhinisha, nikaandika Karibisha.

Akavaa miwani akasoma. Akasoma tena. "Hii naweza," akasema, na bila kuambiwa akamkaribisha Obedi wa Zuzu, akaanza kumjibu habari za chanjo na jua kwa vidole vyake viwili. Akamkaribisha mwanafunzi. Alikwenda hivyo zaidi ya saa nzima, Mama Evelina akaleta chai ikapoa. Alipofika kwa Mwanasha akasimama.

"Huyu hatakaribishwa kwa kidole," akasema. "Nipigie hiyo namba."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje kwa kuwa sikio lake moja ni zito. Ikaita, nikawa naomba isipokelewe, kusema kweli. Ikapokelewa.

"Mwanasha wa Chemba? Hapa ni Bartolomayo, bwana mifugo wa Mpwapwa. Uliniandikia habari za mbuzi."

"Lini?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Ohoo." Kisha, kama aliyekumbuka adabu, "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Wale walikwisha. Kumi na mmoja. Akabaki dume na jike mmoja."

"Nimekusoma leo."

"Sikukasirika sana," yule mama akasema, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote, ndiyo maana iliuma. "Nilisema moyoni, hawa watu wa ofisini ndivyo walivyo. Unasimama mlangoni mpaka unachoka, unaondoka mwenyewe."

Nikamwona mzee anafumba macho. Nilifungua mdomo nieleze, kwamba kufuli ni yangu, kwamba kuna kitufe, kuna idhini. Akanyanyua mkono nisiseme.

"Ni kweli," akamwambia. "Nilikuacha umesimama. Naomba radhi."

Kwenye simu, kule nyuma, kuku alikuwa analia na mtu anatwanga.

"Una mifugo sasa?" mzee akauliza.

"Mbuzi saba."

"Wanaendeleaje?"

Akasita. Nilimsikia akipima kama huyu mtu anastahili kuambiwa. "Mmoja ana makamasi tangu juzi."

Mzee akavuta daftari. Anakula? Umemtenga na wenzake? Akikohoa anatanua miguu ya mbele? Nenda kamsikilize sasa hivi, nangoja. Na alingoja kweli, simu mezani mbele yake, mpaka yule mama akarudi kutoka zizini. Alipokata alikuwa ameandika kurasa mbili na ameshamwelekeza amwite daktari wa mifugo wa kule kwao kesho yake asubuhi, na amwambie nini. Habari ya kuifunga blogu hakuna aliyeitaja tena, na mimi sikuwa mjinga wa kukumbusha.

Nilipokuwa navaa viatu akaniita. "Ongeza kitu kimoja humo kisandukuni. Mbele ya kila jina niandikie siku. Nione mtu amesimama siku ngapi."

Nikakaa tena chini, nikaongeza.

Wiki tatu baadaye niliingia kwenye blogu nikiwa ofisini kwangu, kusasisha zile plagini zake. Nikafungua Wageni. Mstari wa juu ulikuwa wa Mwanasha: "Bwana mifugo shikamoo. Yule amepona. Nina jirani yangu ana kondoo wanaharisha, nimemwambia hapa mtu anajibiwa." Mbele yake: siku 0. Mzee alikuwa ameshamjibu, aya nne, zinaanza na mbukwenyi.

Chini palibaki mgeni mmoja tu ambaye hajakaribishwa. Mwanasha yuleyule, maneno yake yaleyale ya mara ya kwanza, wawili wamelala hawanyanyuki. Mbele yake: siku 1,127. Nikadhani mzee amepitiwa, nikampigia nimwambie nitaubonyeza ule mstari mimi.

"Usiuguse huo," akasema. "Kila asubuhi nikifungua nianze na huyo."