Mtoto Juu ya Kochi Ambalo Halijakwisha

Wateja walimwita Vidole, kwa kuwa alisuka upesi kuliko msusi yeyote wa mtaa ule. Mimba ilimjia bila kuitafuta. Asubuhi moja alifungua kopo la dawa ya nywele, harufu aliyoizoea miaka yote ikampanda kichwani, akakimbia kutapika mtaroni. Mwenye saluni akamtazama. "Mwenzangu, hiyo si malaria."

Baba wa mtoto alikuwa fundi makochi wa ng'ambo ya barabara, kijana mwenye maneno ya asali. Vidole alivuka kwenda kumwambia. Alimkuta amebana misumari midogo kati ya midomo, na hakuitoa.

"Una uhakika ni yangu?"

"Ulitaka iwe ya nani?"

"Wewe unashika vichwa vya watu kutwa nzima. Nitajuaje unashika nini kingine?"

Vidole alirudi saluni akamalizia kichwa alichokiacha nusu. Mteja alilalamika kwamba anamvuta mno.

Alijifungua mtoto wa kike. Alimpigia dada yake, ambaye ndiye aliyekuwa ndugu yake pekee, kumwomba msaada. Dada alimwambia, "Ulipokuwa unajifurahisha hukuniita," akakata simu. Saluni nako mtoto alikohoa kwa zile dawa, wateja wakaanza kuhamia kwa msusi mwingine.

Akaenda ustawi wa jamii. Fundi aliitwa, akakana, akapimwa, vinasaba vikamuumbua. Akaamriwa kutoa matunzo. Alitoa mara moja, kisha akaja ofisini amevaa shati lililochanika, akasema amefukuzwa kazi.

"Hana kazi, mama," afisa alimwambia Vidole. "Jiwe halikamuliwi."

Lakini kila Vidole alipopita karakana alisikia nyundo nyuma ya mlango uliofungwa. Akigonga, nyundo inanyamaza. Akiondoka, inaanza tena.

Kisha mtoto akashikwa na homa. Vidole mwenyewe alikuwa akilalia maji matupu, na maziwa yamekauka. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, ananyonya tena. Mchana ule alimbeba mpaka karakana. Lango la nyuma lilikuwa wazi, vijana wanapakia kabati kwenye gari, na fundi yuko ndani, jasho linamtoka. Vidole akamlaza mtoto juu ya kochi ambalo halijavishwa kitambaa, sponji tupu.

"Huyu hapa. Mimi nimeshindwa."

"We! Unakwenda wapi? We mwanamke!"

Hakugeuka. Alitembea mpaka kwenye tangi la maji la sokoni, akaketi chini. Alingoja machozi, hayakuja. Alichohisi ni wepesi mikononi, wepesi mtamu kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni, na utamu huo ndio uliomtisha. Aliinuka akakimbia, kiatu kimoja kikabaki pale pale.

Karakana hakumkuta fundi wala mtoto. "Amempeleka kwa mama yake," tajiri wa karakana alisema bila kumtazama usoni, akamwelekeza nyumba.

Mama wa fundi alikuwa dobi, mjane, na Vidole hakuwahi kuonana naye. Alimkuta kizingitini, mtoto mapajani, anamkanda kwa kitambaa chenye maji.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Ndimi."

"Umemtupa."

"Nilimtupa, mama. Nimerudi."

Yule mama akakamua kitambaa. "Mwanangu aliniambia umembambikia. Leo kaniletea mtoto kama furushi la nguo chafu. Namuuliza anaitwa nani, hajui. Kaingia ndani, kaomba chakula." Alikichovya tena kitambaa majini. "Na mimi nikampakulia."

Walimpeleka mtoto zahanati pamoja. Homa iliposhuka, yule mama alijifunga kanga, akamtangulia Vidole mpaka ofisini.

"Kazi anayo," alimwambia afisa. "Hufungiwa mlango. Mimi ndiye ninayempelekea chakula, nasikia nyundo kwa masikio yangu."

Amri ilitoka akamatwe. Lakini habari zina mbio. Askari walipofika karakana, fundi alikuwa amekusanya vifaa vyake na kuondoka mjini, simu imezimwa. Majirani walimsema mama mtu kisimani: mwanamke gani anayemuuza mwanawe wa pekee? Wengine wakaacha kumpelekea nguo za kufua.

Sasa Vidole humwachia bibi huyo mtoto kila asubuhi kabla ya kwenda saluni. Hawajapendana. Kuna siku bibi humpokea mtoto vizuri, na kuna siku humwambia Vidole akimtazama machoni, "Kwa ajili yako sijui mwanangu analala wapi." Vidole huinama, akamvua mtoto viatu, akaenda kazini.

Jioni, Vidole anapokuja kumchukua mtoto, simu ya bibi ikilia kwa namba ngeni, wote wawili hushtuka. Bibi huikamata kwa mikono yenye povu, anaita jina la utoto la mwanawe hata kabla hajasikia sauti. Mara nyingi ni mtu aliyekosea namba.