Kidole Gumba cha Daktari wa Wadudu

Anayetuuzia wadudu hapa Kitengela tunamwita Daktari, kwa sababu haitikii jina lingine. Kisanduku chake cha baridi hukibeba kifuani kama mama anayepeleka mtoto kliniki, na kabla ya kukifungua hukigonga kwa ukucha wa kidole gumba, kama anayebisha hodi kwa mkwe. Ndani kuna mbawakawa weusi, wadogo kama punje za mtama, wanaokula wale wadudu weupe wa unga wanaonyonya waridi zangu. Huwaita askari. Wao huwanong'onezea, sisi anatupigia kelele. Juzi alimkaripia Naeku, mvunaji wangu, kwa kufinya mtoto wa mbawakawa: "Mama, hawa wachanga huvaa manyoya meupe kama adui, lakini wao wana mbio. Angalia kwanza. Umeniulia askari."

Leo, wadudu wa unga wakiwa wameshafika kwenye vichipukizi na mnunuzi wangu akiwa ameapa kutopokea ua lenye doa, Daktari aliingia grinhausi, akapindua jani, akafumba jicho moja, akafinya kitu cheupe kwa ukucha uleule. "Adui," akasema. Kitu chenyewe kilikuwa kimeanza kukimbia.

"Daktari," Naeku akauliza, "na huyo alikosa nini?"

Akapangusa kidole kwenye suruali. "Huyo alikuwa mzembe."

Waridi hazingoji mtu amalize aibu yake. Kisanduku nilikichukua, nikawafungulia askari mwenyewe jua lilipopoa. Yeye nilimwacha langoni.