Kicheko cha Babu

Kicheko kimoja, kikavu, gizani. Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Pasiansi, hicho ndicho kilichoamsha watu, na kilikuwa changu. Kilinitoka bila furaha, kikanitikisa mbavu, kikakoma chenyewe. Asubuhi niliamka nimechoka kama niliyetoka kulima.

"Mume wangu, ulikuwa unamcheka nani?" aliniuliza bibi, mama yake baba. Nilirithi jina la marehemu babu, basi kwake nilikuwa mume. Na kicheko nacho, alisema, kilikuwa cha babu. "Alicheka hivyo hivyo akikufunga kwenye mchezo wa bao."

Bibi alimwaga maziwa mlangoni, akamsihi marehemu atulie. Babu hakutulia. Nilicheka darasani, nikacheka msibani kwa jirani, hadi siku moja nilipoanguka nikicheka.

Hospitalini daktari aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Ukicheka, unafurahi?"

"Hapana. Naogopa."

Baada ya vipimo akawaeleza wazazi wangu: ndani kabisa ya ubongo kulikuwa na uvimbe mdogo, wa nadra, unaokisukuma kicheko kama kifafa kinavyosukuma mikono. Tukapanda treni kwenda Dar es Salaam nikapasuliwe. Walionywa kwamba huenda nisizinduke.

Mama hakuwahi kuniita kwa jina. Lilikuwa la baba mkwe wake, na kwetu Wasukuma mke wa mtoto halitamki. Bibi alikuwa amemwonya: akilitamka, mwenye jina atamchukua mtoto. Kwa hiyo aliniita Mzee.

Yaliyofuata alinisimulia baba. Baada ya upasuaji nililala tu. Muuguzi aliniita, baba akaniita, kimya.

"Mama, mwite wewe," muuguzi akamwambia. "Sauti yako ndiyo anayoijua zaidi."

"Mzee," mama akaita. "Mzee!"

"Naam, binti yangu?" akaitika babu mmoja, mgonjwa wa kitanda cha pili. Wodi nzima ikacheka, mama naye, machozi yakimtoka.

"Jina lake, mama," muuguzi akasema.

Siku hizi nacheka nikipenda. Bibi anasema babu aliridhika akaondoka. Daktari alisema ni kisu. Sibishani na yeyote. Ninachokitafakari ni pumzi aliyoivuta mama, akiamini kwamba neno moja lingeweza kumpoteza mwanawe, na huenda ndilo pekee la kumrudisha. Akainama sikioni kwangu.

"Masanja."