Nepi Nilizoanika Juu ya Kahawa

Kosa langu la kwanza nikiwa baba, mwanangu, nililifanya ukiwa na siku kumi na mbili, na nililifanya kwa unadhifu mkubwa: nilianika nepi zako juu ya kahawa iliyopuliziwa dawa. Nakuandikia haya sasa, ungali huna hata jino moja, kwa sababu najijua. Nikingoja ukue nitakuwa nimeshaipamba habari hii mpaka mimi nionekane mwenye busara ndani yake.

Nakumbuka siku tuliyokupandisha Masama, kwa bibi na babu yako, kutoka mjini. Ulikuwa na siku nne. Mimi na mama yako, Neema, tunaishi vyumba viwili vya kupanga Kiboriloni, na kazi yangu ni fundi simu. Sikuisomea. Nilijifundisha kwa kutazama video na kuharibu simu zangu mwenyewe, na nilipojua mama yako ana mimba nikafuata njia ile ile. Video za kukunja nepi nilitazama nyingi mno. Nilijizoeza kwa mfuko wa sukari wa kilo tatu. Naulaza mezani, naukunjia nepi ya pembetatu, nafunga, nafungua, nafunga tena, mpaka mama yako akasema, "Hiyo sukari imeshakua. Ipeleke shule."

Siku uliyozaliwa niligundua kwamba sukari haina miguu. Wewe ulikuwa nayo, myembamba, na mmoja ulinipiga teke la kiganjani. Kisigino chako kilikuwa kidogo kama tunda bichi la kahawa. Nikabaki nimesimama na nepi mkononi, video zote zimenitoka kichwani. Nimewahi kufungua simu za watu wakubwa bila woga, lakini wewe nilikuogopa.

Kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu, na mama mkwe ndiye anayemlea: mtori wa ndizi asubuhi, supu mchana, maji ya moto, maneno mengi. Na mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Ndiyo maana wewe ni Aikande kama bibi yako, na ndiyo maana tangu siku ya kwanza bibi alikuita "mimi". Alikuwa akiingia chumbani na kuuliza, "Mimi nimelala?" Au, "Leo mimi nimenyonya vizuri?" Mama yako alicheka mpaka akashika tumbo, maana kucheka kulikuwa bado kunamuuma.

Bibi ndiye aliyetaka nepi za kitambaa. Alisema zile za kutupa hazina pa kutupwa, kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, hakiwezi kuzila, na yeye hayuko tayari kuzifukua kila anapopalilia migomba. Mimi nikasema kazi ya nepi zote ni yangu. Hapo, mwanangu, nikuambie ukweli: haukuwa upendo mtupu. Niliogopa kwamba mtu mwingine atakosea.

Nikaandika ratiba nikaibandika ukutani. Kuloweka, kufua, kusuuza mara tatu, kutia bluu ili ziwe nyeupe, kuanika kwenye jua kali. Bibi akaja akaisoma, miwani imemteremka puani.

"Hii ni ya nepi au ya ibada ya Jumapili?" akauliza.

"Ya nepi, mama."

"Sijaona pa kutoa sadaka."

Akaniacha. Kwa kuwa aliniacha kwa utani, nilidhani amekubali.

Ulikuwa mwezi wa sita. Wewe hukuuona vizuri mwezi ule, ulikuwa umefunikwa muda wote. Ukungu hushuka mlimani ukakaa kwenye migomba mpaka saa sita, na kamba ya nguo ya bibi iko nyuma ya jiko, kivulini. Nepi zilikaa hapo siku mbili zikiwa na ubaridi wa samaki. Nilikuwa nimesoma kwamba jua linaua vijidudu, na mimi jua sikuwa nalo. Basi nikazunguka kihamba chote kulitafuta. Nikalikuta chini kabisa, karibu na mfereji, mahali ambapo upepo ulikuwa umeangusha migomba na babu yako akabaki na kahawa changa peke yake. Miti ile ilikuwa inanifika kifuani, imetanua matawi kama meza. Nikatandaza nepi juu yake, moja moja, zimenyooka, nafasi sawa kati ya moja na nyingine.

Asubuhi ile mlima ulijifungua. Kibo ilikuwa juu yangu, nyeupe, na nepi zako mbele yangu, nyeupe, na mimi katikati nikajiona baba kamili. Nikapiga picha.

Siku ya pili mapaja yako yakawa mekundu. Siku ya tatu ukawa unalia nikikugusa nepi tu, kilio kikavu, mdomo wazi bila sauti kabla ya sauti kuja. Nikaingia kwenye simu. Simu ikaniambia ni unyevu. Basi nikazidi kufua, nikazidi kubadilisha, na nikazidi kupeleka nepi kwenye lile jua langu la mferejini. Niliona zina rangi ya samawati kwa mbali. Nikajua nimezidisha bluu, nikapunguza.

Mama yako akasema, "Muulize mama."

Nikasema, "Nipe mpaka kesho."

Kesho ilipofika vikatokea vipele vyenye maji, kwenye mikunjo, pale ambapo ngozi yako ilikuwa laini kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Mama yako akaniambia tena. Nami nikajibu jibu lile lile. Hayo maneno mawili, "mpaka kesho", ndiyo yanayoniuma kuliko dawa yenyewe. Dawa sikuikumbuka. Kunyamaza nilikujua.

Asubuhi iliyofuata mama yako hakunisemesha. Alisimama mlangoni, mzazi ambaye hakutakiwa hata kuupitisha uso wake kwenye baridi, akaita, "Mama, njoo umwone mtoto."

Bibi alikuja na mikono ina utomvu wa ndizi za mtori, akaifuta kwenye khanga, akakufungua. Alikutazama, kisha akachukua nepi safi kwenye rundo langu, akainusa. Akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Unaanika wapi?"

Nikamwambia. Akanitazama kama mtu anayesubiri nimalizie, kana kwamba nimesema utani na sijafika pa kuchekesha. Kisha akatoka, na mimi nyuma yake, tukashuka mpaka mferejini. Akapitisha kidole juu ya jani la kahawa, akanionyesha. Kidole kilikuwa na vumbi la rangi ya samawati.

"Mrututu," akasema. "Baba yako alipuliza wiki tatu zilizopita, kahawa isipate ugonjwa. Pampu ulimsaidia kuibeba wewe."

Ni kweli. Niliibeba mwenyewe, kutoka banda la ng'ombe hadi pale pale, wiki moja kabla hujazaliwa, nilipokuja kuwasalimia. Nepi mbichi zilikuwa zinainyonya ile dawa kutoka kwenye majani, na mimi nakufunga nayo.

Babu akasikia sauti akaja na jembe lake. Alipoelezwa akasema taratibu, "Mimi nilipuliza kahawa. Mjukuu sikumpuliza."

"Shikamoo, baba," nikasema, maana sikuwa nimemsalimia asubuhi ile.

"Marahaba. Mpeleke mtoto zahanati."

Njia ya zahanati ni mteremko wa dakika ishirini. Mama yako hakuruhusiwa kutoka, kwa hiyo nilikubeba mimi, bibi akitangulia. Swali moja tu lilikuwa kichwani mwangu: kama ile dawa imeingia ndani. Nilikuwa nasikiliza pumzi yako kwa kila hatua, na ulipolala nikasimama njiani kuhakikisha bado unapumua. Bibi akageuka. Nilingoja anikemee. Akasema tu, "Tembea. Moyo wake ukisimama wewe utasikia nini na huo mguno wako?" Ndipo nikajua nilikuwa naguna.

Muuguzi alikupima, akakugeuza, akakuminya kidogo tumbo, akauliza kama unanyonya na kukojoa. Unanyonya, bibi akajibu, kama ndama. Muuguzi akasema ni ngozi ya juu. Tukuoshe kwa maji safi ya uvuguvugu, tusikufunge nepi kabisa mpaka ngozi ikauke, na ukipata homa au ukigoma kunyonya turudi siku hiyo hiyo. Akanitazama mimi. "Siku hiyo hiyo, baba." Sijui alijuaje.

Zile nepi ziliwekwa kando zote. Mama yako akachana shuka la zamani la bibi, lililofuliwa miaka mingi mpaka likawa laini kama vumbi, akashona nyingine. Hazikuwa sawa. Moja ilikuwa ndefu upande. Nikazikunja hivyo hivyo.

Bibi alitandika khanga nne karibu na mafiga, mbali na moshi, mahali penye joto, akakulaza uchi juu yake. Akaniambia nikae hapo. Nikauliza nifanye nini. "Mtazame," akasema. "Akikojoa badilisha khanga. Kazi nyingine huna."

Mwanangu, nilikaa siku tatu. Sikuwahi kukaa siku tatu bila kutengeneza kitu. Na nilikuona. Tangu uzaliwe nilikuwa naona nepi, nakuona wewe kama kitu cha kuzungushia nepi. Sasa niliona tumbo lako likipanda na kushuka, na kila lilipopanda mbavu zako zilijichora halafu zikafutika. Niliona mkojo ukitoka ghafla, na wewe ukishangaa, macho yamekutoka, kama umesikia mtu akibisha hodi. Niliona miguu yako ikitafuta ukuta wa tumbo la mama yako na kukosa, ikinyooka hewani polepole, kila mmoja peke yake.

Na ngozi ikaanza kurudi. Siku ya kwanza vipele vilikauka. Siku ya pili wekundu ukarudi nyuma kutoka pembeni, kama ukungu unavyoondoka kwenye kihamba. Siku ya tatu chini yake kulikuwa na ngozi mpya, yenye kung'aa, na hakuna aliyeitengeneza. Si mimi, si bibi, si muuguzi. Ulikuwa unalala, unanyonya, na mwili wako unafanya kazi ambayo hakuna aliyekufundisha. Niliogopa kuigusa. Si woga ule wa kwanza. Nilivua kofia, nikacheka mwenyewe kwamba nimevua kofia jikoni.

Bibi alinikuta hivyo. Akaketi kwenye kigoda, akaanza kumenya ndizi.

"Wewe nilikuchoma pini," akasema bila kuniangalia. "Hapa, kwenye nyonga. Nepi na ngozi, pini ikapita yote mawili. Ulilia mpaka majirani wakaja."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza." Akamenya nyingine. "Nilikupeleka kwa bibi yako saa ile ile, ningali nalia. Alinicheka wiki nzima. Lakini pini aliitoa yeye, dakika ile ile. Wewe ulikataa kuchekwa, na huyu mimi nikalipia." Akakunyooshea kisu chenye ganda la ndizi.

Hilo ndilo ninalotaka nikuachie, mwanangu, kwa siku utakapokuwa na wako. Utakosea. Utakosea hata kama utakuwa na ratiba ukutani, na pengine kwa sababu ya ratiba yenyewe. Kosa la mzazi mgeni husameheka. Ila usilifiche ili upate muda wa kulirekebisha peke yako, kwa maana muda huo wote mtoto ndiye anayekaa na maumivu. Mwite mtu aliyelea kabla yako. Kubali akucheke. Na kabla hujamfunga mtoto nepi, mwangalie kwanza yeye.

Mungu akupe mikono yenye subira na nyumba yenye watu wa kuita. Akupe mtoto atakayekushangaza kila asubuhi, na wewe uwe na nafasi ya kushangaa.

Sasa una miezi saba. Tumerudi Kiboriloni, nepi nafua bado mimi, na ratiba niliitoa ukutani. Nikiona kitu kwenye mwili wako nisichokielewa, namwambia mama yako hapo hapo, kisha nampigia bibi.