Picha Isiyofutika

Mama Picha alijulikana mtaa mzima kwa kukemea wateja. "Kaa wima! Kidevu juu! Hapa si msibani!" Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu, kiti kinacholia ukikikalia, na kompyuta. Bomba la ghorofa ya juu lilipopasuka, kompyuta ililowa chepechepe na picha za harusi za watu zikaenda na maji. Matusi aliyoyapata, tusiyarudie.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa hiyo shemeji yake, fundi wa kompyuta, alipomwambia kuna mtandao unaosambaza nakala za picha kwenye mashine za watu baki dunia nzima, hakumwacha hata amalize.

"Hakuna wa kuzifuta, shemeji. Maji yaje, mwizi aje!" alidakia Mama Picha.

Alilipa siku hiyohiyo. Akapandisha picha zote alizopiga tangu bomba lipasuke, na kwa kupenda sifa akaziacha wazi, yeyote azitazame bila neno la siri, si biashara ni matangazo? Kuwauliza wenye sura zao hakukumpitia akilini.

Jumatatu moja asubuhi mshonaji mmoja aliingia, kamshika mkono binti yake wa miaka sita.

"Karibu mwanangu! Leo tunapiga ya nani?"

Mshonaji aliweka barua mezani, imetoka ofisi ya kulinda taarifa za watu: picha ya mtoto iondolewe ndani ya siku saba, la sivyo mwenye studio atajibu mahakamani. Kisha akaonyesha simu. Mtoto alikuwa anacheka mbele ya pazia la bluu, amevaa sare, na jina la shule kifuani lilisomeka herufi kwa herufi.

"Wiki iliyopita baba yake ndiye aliyenitumia," alisema. "Tulimkimbia, mama. Hakutakiwa kujua tulipo."

Mama Picha barua hata hakuimaliza. Alimpigia shemeji yake, akaweka sauti ya juu wote wasikie.

"Nifutie picha moja, shemeji. Moja tu!"

"Nifute wapi? Nakala ziko kwa watu nisiowajua, nchi nisizozijua. Kwenye orodha yako nitaiondoa, lakini aliyekwisha kuipata ataifungua tu."

"Si yangu? Si nimelipa mimi?"

"Ulilipa isifutike, shemeji."

Alikata simu. Laiti mshonaji angemtukana, ingekuwa nafuu. Lakini yeye aliuliza kwa upole kabisa:

"Umeilipia mpaka lini, mama?"

"Miaka kumi."

Mshonaji alimtazama binti yake, aliyekuwa amekwisha kupanda kwenye kiti, kakaa wima, kidevu juu, akisubiri kupigwa picha.

"Atakuwa na miaka kumi na sita," alisema, akamteremsha.